Kitanda Namba Sifuri

Asubuhi hiyo orodha ya wodi ya wanawake ilitoka na vitanda ishirini na vitano. Wodi yenyewe ina ishirini na vinne: kumi na viwili kulia, kumi na viwili kushoto, na mwisho kabisa, ukutani, kuna sinki na dirisha lisilofunga vizuri. Muuguzi mkuu alivihesabu kwa macho, akavihesabu tena kwa kidole, kisha akapiga simu chini kwenye chumba cha kompyuta akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, ni nani aliyemletea kitanda bila kumwambia.

Aliyepokea simu alikuwa fundi wa kanzidata, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye wenzake walimwita Nukta. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, siku aliposahau nukta moja katika maagizo aliyoyaandika na hospitali nzima ikakaa nusu siku bila kuweza kusajili mgonjwa hata mmoja. Mwanzoni alilichukia, baadaye akalizoea, mwishowe akawa analiitikia hata nje ya kazi.

Alidhani anajua kosa limetoka wapi. Kwa miaka mingi namba za vitanda zilihifadhiwa kama maandishi, na kompyuta ikipanga maandishi haijui kuhesabu, hufuata tarakimu ya mwanzo tu. Kitanda cha kumi kilikuja mara baada ya cha kwanza, cha pili kikasubiri hadi baada ya cha kumi na tisa. Wauguzi walilalamika mpaka wakachoka. Kwa hiyo siku mbili nyuma Nukta aliingia ndani ya prosija, yale maagizo yanayokaa ndani ya kanzidata yenyewe na kupanga nani alale wapi, akaiamuru igeuze kila andiko kuwa namba. Hata pale mtu alipoandika 04 pakawa nne. Na kwa andiko lolote lisilogeuzika, aliagiza liwe sifuri.

Alijua si kazi safi. Inavyotakiwa, kisichogeuzika hukataliwa na kuwekwa kando mpaka mtu akitazame. Lakini mchana ule mama mkubwa wake alikuwa ameletwa na nimonia, akihema kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa kumi, na Nukta alitaka kuwahi juu kumwona. Mama mkubwa ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu. Siku hizi aliishi peke yake, na Nukta, kwa kazi na mtoto, alikuwa amepitisha miezi miwili bila kumtembelea. Akajiambia sifuri ile ataishughulikia kesho. Kesho ikafika, akasahau.

Sasa aliiona kwenye kioo cha kompyuta: kitanda namba sifuri, wodi ya wanawake, kipo wazi. Akaifuta safu ile, akampigia muuguzi mkuu, wakacheka kidogo, yakaisha.

Asubuhi iliyofuata kitanda sifuri kilikuwa kimerudi, na safari hii kilikuwa na mgonjwa.

Mfumo haukubali jina liachwe tupu, na kweli halikuwa tupu. Palikuwa na nafasi nne, kama mtu amebonyeza mara nne bila kuandika herufi. Umri haukujulikana. Hali yake: amelazwa. Stoo ilikwishatoa dawa kwa ajili yake, na jikoni walikwishapeleka sahani.

Muuguzi mkuu alishuka mwenyewe. Alifunga mlango, akabaki amesimama.

“Miaka ishirini na sita niko kazini,” alisema. “Wafanyakazi hewa nimewaona. Mgonjwa hewa ndiyo kwanza. Dawa zake zinakwenda wapi?”

Nukta alimwambia hajui. Muuguzi mkuu aliutazama mkoba wa Nukta uliokuwa chini ya meza, akautazama kwa muda, halafu akatoka bila kuaga.

Nukta akafungua kumbukumbu za mfumo, mahali panapoandikwa nani kafanya nini na saa ngapi. Mgonjwa yule aliingizwa saa saba na dakika kumi mchana wa jana, na aliyemwingiza ni Nukta. Lakini saa saba na dakika kumi jana alikuwa kantini anakula, na mbele yake kwenye meza hiyohiyo alikaa Waya, fundi wa mitambo, mtu mzima mkimya aliyepewa jina hilo kwa sababu hakukosekana kipande cha waya mfukoni mwake. Maagizo yanaweza kutegwa mapema yajitekeleze yenyewe baadaye, lakini watu wawili tu walikuwa na nywila ya kufika huko ndani, yeye na Waya. Alipomuuliza, Waya alijibu taratibu kwamba yeye anaona jina la Nukta pale, haoni la kwake. Tangu saa ile kila mmoja alibadili nywila zake akiifunika kibodi kwa kiganja, watu waliokuwa wametumia chaja moja kwa miaka mitano.

Mpishi naye alikuwa na lake. Sahani ya kitanda sifuri ilirudi jikoni haijaguswa, alisema, lakini chakula kilikuwa kimekauka mpaka kikawa kama pumba, ukikigusa kinamomonyoka. Alidhani wauguzi wanamfanyia mzaha. Wauguzi walidhani yeye ndiye anawafanyia.

Siku ya tatu, saa saba kasoro, Nukta alipanda wodini. Ni saa ambayo sahani zimekusanywa, wageni hawajaruhusiwa, na wagonjwa wengi wamepitiwa na usingizi. Jua lilikuwa kali nje. Mama mkubwa alikuwa kitanda cha ishirini na nne, cha mwisho, jirani na sinki, na kifua chake kilikuwa kimepata nafuu. Walinong'ona habari za nyumbani, kisha mama mkubwa akageuza kichwa upande wa sinki, akauliza kama kuna anayemjua yule jirani yake, maana hana mtu wa kumjulia hali.

Nukta alitazama. Kati ya kitanda cha mama mkubwa na sinki palikuwa na sakafu tupu, hatua tatu hivi, na juu ya sakafu alama nne za miguu ya kitanda zilizochimba saruji zamani. Alimwambia pale hapana mtu.

“Amelala sasa,” mama mkubwa alisema. “Usiku ndiyo halali. Anaona haya kukohoa.”

Nukta akadhani ni homa inasema, akanyoosha mkono ampime paji la uso, na mkono haujafika akasikia harufu, harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu, unyevu na kutu na kitu kingine kilichooza chini kabisa. Akasikia springi za kitanda zikilia taratibu kama zinavyolia mtu mzito anapojigeuza akijitahidi asimwamshe mwenzake, na hazikuwa springi za mama mkubwa, kwa maana mama mkubwa alikuwa ametulia kimya akimtazama, wala za kitanda cha ng'ambo, kwa sababu sauti ilikuwa hapahapa kwenye goti lake, ikafuatiwa na pumzi ndefu iliyoanza kutoka na ikaendelea kutoka, ikaendelea, ikaendelea kupita pale ambapo kifua cha mtu yeyote kingekuwa kimekwisha, mpaka Nukta akajikuta naye amebana pumzi akisubiri ile imalizike. Upande wa sinki hapakuwa na kitu. Alimbusu mama mkubwa mkononi, akatoka akitembea, na kwenye ngazi akakimbia.

Alipofika chini hakumwambia Waya neno. Bado alikuwa anamshuku, na sasa alianza kujishuku mwenyewe. Aliifuta safu ya kitanda sifuri mara ya pili, akakaa palepale akiikodolea macho. Saa saba na dakika kumi safu ilirudi mbele yake, chini ya jina lake, vidole vyake vikiwa mapajani.

Jioni ile aliletwa mshonaji wa nguo, mwanamke kijana mwenye homa ya kawaida, na aliyemsajili akaandika kitanda chake “11 mpya” kwa sababu godoro lilikuwa limebadilishwa siku hiyo. Andiko hilo halikugeuzika kuwa namba, kwa hiyo prosija ilimpeleka sifuri. Kwa mwili alilala kumi na moja. Kwenye kompyuta alilala na yule. Kabla ya mapambazuko alianza kulalamika kwamba anabanwa, kwamba kuna mtu ameweka kichwa kwenye mto wake na nywele zake zimelowa. Asubuhi mwili ulikuwa baridi na midomo imegeuka rangi, wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi, na daktari hakuweza kusema ana nini. Nukta aliposikia, aliirekebisha namba yake kwa mkono ikasomeka kumi na moja, na ndani ya saa moja mshonaji aliomba maji.

Hapo ndipo alipomgeukia Waya akamweleza yote, harufu na springi na pumzi. Waya hakucheka. Alimwonyesha orodha ya uhamisho ya siku ile, iliyokwishachapwa na kupelekwa juu. Saa nane mchana, mgonjwa wa kitanda cha ishirini na nne atahamia kitanda namba sifuri. Wakati huo ilikuwa saa nne na nusu.

Nukta alisahihisha, ikarudi. Akasahihisha tena, ikarudi. Akairudisha prosija kama ilivyokuwa zamani, namba zote zikawa maandishi tena, lakini haikusaidia: sifuri ikawa sifuri ya maandishi, ikakaa palepale. Neno lililokuwa pale kabla ya kugeuzwa halikurudi, kwa maana kitu kikishageuzwa namba hakikumbuki kilikuwa nani.

Waya akafungua nakala ya akiba ya wiki iliyopita. Waliitafuta safu ile pamoja, mabega yakigusana kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Mahali pa namba ya kitanda paliandikwa kwa herufi kubwa: HAYUPO. Kwa kuwa halikuwa namba, orodha ya wodi ilikuwa ikiliruka miaka yote.

Waya akasema hilo neno alilikuta tangu alipoajiriwa, na karani aliyekuwapo wakati huo alimwambia asiliguse. Alipomuuliza kwa nini, karani alimjibu amuulize Mama Shuka. Yeye Waya hakuwahi kwenda kumuuliza. Aliona ni mambo ya wazee.

Mama Shuka alikuwa dobi wa hospitali. Walimkuta kwenye chumba cha kufulia, anakunja, mvuke umejaa hadi darini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na hakuonekana kushangaa. Aliwaonyesha shuka moja aliyoitenga kwenye ndoo. Alisema kwa siku tatu wodi ya wanawake imemletea shuka moja zaidi, imelowa katikati, na kila akiifua inarudi na harufu ileile.

Kisha akawaeleza. Zamani, kabla ya kompyuta, pale penye sinki palikuwa na kitanda cha ishirini na tano. Kila aliyelazwa pale alisema amelala na mwenzake. Wakakitoa kitanda, lakini aliyekuwa akilala pale hakutoka, akawa anahama kitanda hadi kitanda akitafuta ubavu wa mtu. Akaitwa mtaalamu, na mtaalamu huyo alikuwa mama yake Mama Shuka, ambaye naye alifua hapahapa. Mama yake alisema yule ni jini asiye na kwao, akifukuzwa atazunguka tu, kwa hiyo aandikwe. Aandikwe daftarini apate pa kutulia, ila asipewe namba, maana mwenye namba ana zamu, na mwenye zamu huitwa. Karani akaandika HAYUPO. Daftari lilipoingizwa kwenye kompyuta, neno likaingia nalo.

“Wewe umempa namba,” Mama Shuka alimwambia Nukta, bila ukali. “Sasa amelazwa kama wengine. Aliyelazwa hafutwi, mwanangu. Anaruhusiwa. Ndugu yake anatia sahihi, anamchukua nyumbani.”

“Na asiye na ndugu?”

“Anabaki. Anawazoea wenzake.”

Nukta aliuliza kama sahihi ya kubuni itafaa. Mama Shuka alitikisa kichwa. Waya akasema nyumbani kwake kuna watoto watatu, akalisema upesi, ingawa hakuna aliyekuwa amemtazama.

Basi ilikuwa ni Nukta. Yeye ndiye aliyeandika sifuri. Saa saba na robo alianza kupanda ngazi kwenda kuomba fomu ya kuruhusu mgonjwa, na kwenye ngazi ya katikati akasimama. Nyumbani alikuwa na mume, na binti wa miaka miwili ambaye saa hii hii alikuwa amelala usingizi wa mchana, katikati ya kitanda kikubwa, mikono ameitupa juu ya kichwa, na pembeni yake kulikuwa na nafasi ya kutosha. Nukta alishika ukuta. Alishuka ngazi mbili, akapanda moja, akasimama, watu wakampita, na saa ya ukutani ikaendelea kutembea mpaka akaona imebaki robo saa kufika saa nane, akapanda.

Wodi ilikuwa na harufu ya sabuni na dawa, basi. Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani amevaa viatu, kanga imefungwa vizuri, uso mkavu. Muuguzi mkuu alisimama kando na fomu mkononi.

Muuguzi mkuu alikuwa ametega. Asubuhi aliiacha fomu ya kitanda sifuri mezani, wazi, aone ni nani atakuja kuijaza, maana anayemtoa mgonjwa hewa ndiye aliyemwingiza. Hakutegemea kwamba atakayeiomba ni mgonjwa. Mama mkubwa alikuwa amesikia orodha ya uhamisho ikisomwa, akauliza yule jirani yake anasubiri nini, akaambiwa kwa kejeli kwamba anasubiri ndugu wa kumchukua. Akaomba kalamu.

“Kwa hiyo ni ninyi wawili,” muuguzi mkuu alimwambia Nukta.

Nukta aliichukua fomu. Mahali pa uhusiano paliandikwa: dada. Sahihi ilitetemeka, lakini ilikuwa ya mama mkubwa kweli, na mkia wake mrefu.

“Mama mkubwa, unajua umemchukua nani?”

“Najua hana mtu,” mama mkubwa alijibu. “Niache nikapumzike kwangu.”

Safu ya kitanda sifuri ilitoweka saa nane kamili, bila kufutwa, na mama mkubwa naye akaruhusiwa siku ileile. Nukta aliiandika upya prosija vile ilivyotakiwa kuandikwa tangu mwanzo: kisichogeuzika kikataliwe, kiwekwe kando, mtu akitazame. Mshonaji wa nguo aliruhusiwa baada ya siku mbili. Muuguzi mkuu aliandika barua ya malalamiko, na kwa kuwa dawa zote za kitanda sifuri zilikutwa nyuma ya sinki katika pakiti zake, hazijafunguliwa, barua ile haikufika mbali. Lakini hakumwamini Nukta tena, na kila alipopishana naye kwenye korido aliutazama mkoba.

Jumapili ya pili Nukta alikwenda kwa mama mkubwa. Alikwenda mchana makusudi. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa imefagiwa, madirisha wazi, na mama mkubwa alikuwa amenenepa. Alisimulia mambo ya mtaani kwa uchangamfu ambao Nukta hakuwa ameusikia kwake tangu baba mkubwa alipofariki, na kila mara alisema sisi: sisi tumeamka mapema, sisi hatupendi redio. Chumbani, godoro lilikuwa limebonyea pande mbili. Ile harufu ya kisima ilikuwapo, nyepesi, chini ya harufu ya sabuni.

Nukta alimwomba amruhusu amlete Mama Shuka, aje atazame tu. Mama mkubwa alimkatalia kwa upole.

“Miaka kumi na mmoja nimelala peke yangu kwenye kile kitanda,” alisema. “Wewe hujui kitanda kinavyokuwa kipana.”

Nukta alijua ni mara ngapi aliahidi kuja na hakuja. Alipoinuka kuondoka, mama mkubwa alimwambia miguu bado haina nguvu, hataweza kumfikisha barabarani, lakini haifai mgeni aondoke peke yake. Akamwambia amuage na mwenzake.

Alisimama kwenye mlango wa chumba akasema kwaheri. Godoro liliinuka taratibu upande wa ukutani, kama linavyoinuka mtu anaponyanyuka kwa adabu, na ubaridi ukampita begani.

Nje jua lilikuwa la saa tisa, watoto walikuwa wanacheza, mtu alikuwa anaosha baiskeli. Nukta alitembea bila kugeuka, na kushoto kwake, nusu hatua nyuma, alisikia hatua nyingine, laini, za miguu iliyolowa. Wakapita duka, wakapita bomba la maji. Alitembea kwa mwendo wa kawaida, akiwasalimu watu waliomsalimu, na moyoni aliomba jambo moja tu, wafike kwenye kona, kwa sababu kona ndipo msindikizaji huaga akarudi.

Kwenye kona alisimama. Hatua nazo zikasimama. Alisubiri azisikie zikirudi kwa mama mkubwa, alisubiri muda mrefu, mpaka mtu wa baiskeli akainua macho kumtazama.

Halafu akavuka barabara kuelekea nyumbani, nazo zikavuka pamoja naye.